Je, Vitu Vyaweza Kuwapa Vijana Wetu Furaha?

Jioni moja huko Kiruruma, mkoani Kagera, tulikuwa tumeketi jikoni kwa mama jirani yetu tukimenya ndizi za chakula cha usiku. Mwanawe wa miaka kumi na minane aliingia akiwa na simu janja mpya mkononi. Uso wake ulikuwa unang'aa. Alitupiga picha sote, akatuonyesha, tukacheka. Mama yake alimwuliza, "Mwanangu, fedha umepata wapi?" Akajibu kwamba alifanya kibarua. Basi, mazungumzo yakaishia hapo, kwa maana hakuna mama apendaye kuzima furaha ya mtoto wake.

Miezi michache baadaye, kahawa ilipoanza kuiva, mtu mmoja alifika nyumbani hapo na karatasi mkononi. Alikuja kudai kahawa yake. Kijana alikuwa ameuza mazao ya sehemu ya kibanja cha baba yake wakati miti ingali na maua. Siku hiyo ile simu ilikuwa juu ya kabati, kioo kimepasuka, haiwaki tena.

Mama huyo alituambia neno ambalo hatujalisahau: "Kilichoniuma si kahawa. Kilichoniuma ni kwamba alifurahi wiki mbili tu. Laiti angefurahi msimu mzima, labda ningemsamehe mapema."

Tumeandika habari hii kwa sababu ya neno hilo. Akina mama wengi, wa Karagwe na Kyerwa na wa kwingineko, wanajiuliza swali lile lile. Vijana wetu wanataka simu, viatu, pikipiki, nywele za kununua na nguo za mtindo. Wakivikosa wananuna, na wakivipata wanataka vingine. Je, vitu vyaweza kuwapa furaha? Na kama haviwezi, sisi wazazi tufanye nini?

Kila kizazi na kitu chake

Tusianze kwa kuwalaumu vijana wa leo kana kwamba tamaa ya vitu imezaliwa pamoja nao. Nchi ya Karagwe yenyewe inatufundisha vingine.

Mwishoni mwa mwaka 1861 msafiri Mwingereza aitwaye John Hanning Speke alifika kwa mfalme Rumanyika wa Karagwe. Alikuta utajiri unahesabiwa kwa ng'ombe. Tena aliona jambo lililomshangaza: wake za wakuu walinenepeshwa kwa maziwa ili kila mgeni ajue kwamba bwana wa nyumba ana ng'ombe wengi. Speke aliandika habari za shemeji mmoja wa mfalme ambaye alinenepa hata asiweze kusimama. Karibu yake alikuwapo binti yake wa miaka kumi na sita, akinywa maziwa kutoka kwenye chombo, na baba yake ameketi hapo ameshika fimbo ili asiache kunywa.

Hebu tumfikirie binti huyo. Alikuwa na kila kitu ambacho watu wa wakati wake walikiita mali. Maziwa hayakumpungukia hata siku moja, lakini alikuwa anayanywa chini ya fimbo, ili watu wengine waone. Miaka zaidi ya 160 imepita, na fimbo hiyo bado ipo. Leo haishikwi na baba. Inashikwa na macho ya wenzake shuleni, na picha anazoziona kwenye simu, na maneno ya mtaani kwamba fulani kapitwa na wakati.

Baada ya ng'ombe zikaja baiskeli, redio, saa za mkononi na suruali za mtindo. Wengi wetu tunakumbuka jinsi kijana mwenye redio ya betri alivyotembea nayo begani kijiji kizima. Kila kizazi kimekuwa na kitu chake. Basi, tukizungumza na watoto wetu, tuzungumze kama watu ambao nao waliwahi kutamani.

Nguo iliyoitwa Juliana

Kuna historia nyingine ya mkoa wetu ambayo ni chungu zaidi. Wazee wanaikumbuka, lakini vijana wengi hawajaisikia.

Baada ya vita ya Kagera ya mwaka 1978 na 1979, bidhaa zilikuwa adimu sana madukani. Sukari, sabuni na nguo vilitafutwa kwa shida. Biashara ya magendo ikashamiri mpakani mwa Uganda. Miongoni mwa bidhaa zilizoletwa na wafanyabiashara hao kilikuwamo kitambaa cha kupendeza kilichojulikana kwa jina la Juliana. Wasichana walikitamani sana. Wengine hawakuwa na fedha za kukinunua, na baadhi ya wafanyabiashara walikubali kulipwa kwa njia nyingine.

Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania walitambuliwa katika mkoa wa Kagera. Kabla watu hawajajua jina la ugonjwa huo waliuita Juliana. Waliona wanaokonda na kufa, wakakumbuka ile nguo. Kufikia mwaka 1987, uchunguzi uliofanyika mjini Bukoba ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne alikuwa na virusi. Nyumba nyingi zikabaki na bibi na wajukuu tu.

Twajua leo kwamba ugonjwa hauletwi na nguo. Twajua pia kwamba lawama haikuwa ya wasichana peke yao. Mtu mzima mwenye mali aliyemwona binti mwenye uhitaji akageuza uhitaji huo kuwa biashara alikuwa na kosa kubwa zaidi. Hata hivyo, watu waliotoa jina lile walikuwa wameona jambo la kweli. Waliona kwamba kitu kidogo cha kuvaa kinaweza kumtoa binti nyumbani kwake, kikampeleka mahali ambapo mama yake hawezi kumfikia.

Leo Juliana haiuzwi tena. Lakini je, haijabadilika tu sura? Binti anayerudi na simu ambayo hakununuliwa nyumbani. Anayepewa safari ya pikipiki bure kila siku akienda shule. Anayetumiwa fedha kwenye simu na mtu asiyemtaja jina: huyo anatembea katika njia ile ile waliyopita dada na shangazi zetu. Hatari haimo katika simu yenyewe. Imo katika deni ambalo halikuandikwa popote, ambalo siku moja litadaiwa.

Kuuza ua kabla ya tunda

Kwa vijana wa kiume wa Karagwe na Kyerwa, mtego una jina lake: butura. Wasomaji wetu wa mikoa mingine huenda hawalijui neno hili. Maana yake ni kuuza kahawa ingali mtini, mara nyingi ikiwa bado ni maua, kwa bei ndogo, kwa mtu anayetoa fedha taslimu papo hapo. Serikali imeipiga vita biashara hiyo, na tangu mwaka 2018 iliagiza kahawa iuzwe kupitia vyama vya ushirika vya msingi. Lakini kinachofanyika usiku kati ya watu wawili si rahisi kukizuia.

Tuchukue mfano ili tuone hasara yake. Tuseme kijana amepewa shilingi 60,000 kwa gunia moja litakalovunwa baadaye. Msimu unapofika, gunia hilo lina kilo 60, na bei, tuseme, ni shilingi 3,000 kwa kilo. Kahawa hiyo ina thamani ya shilingi 180,000. Kijana amepoteza shilingi 120,000, na jasho la kupalilia na kuchuma bado ni lake au la wazazi wake. Bei ikipanda hasara nayo hupanda. Mwaka 2024 bei ya kahawa ya robusta katika soko la dunia ilifika kiwango ambacho hakikuonekana kwa miongo mingi. Aliyekuwa na kahawa yake mkononi alishukuru Mungu. Aliyekuwa ameuza maua alisimama kando akitazama jirani zake wakipokea.

Wengi wetu tunaifahamu habari ya mwana mpotevu ambaye Yesu aliisimulia. Tunakumbuka zaidi nguruwe na njaa yake. Lakini tatizo lilianza mapema zaidi, siku alipodai urithi wakati baba yake angali hai. Yeye naye aliuza ua kabla ya tunda. Hakuweza kungoja. Na tukiangalia vizuri tutaona kwamba mambo mengi yanayowaangusha vijana wetu leo ni namna moja au nyingine ya butura: mchezo wa kubashiri kwenye simu, mkopo wa haraka, mimba ya shuleni, pikipiki iliyochukuliwa kwa mkataba usiosomwa. Yote yanaahidi kitu leo, na yote yanakula kesho.

Je, vitu havina maana basi?

Hapa yatupasa tuwe wa kweli. Ni rahisi kwa mtu aliyeshiba kumwambia mwenye njaa kwamba vitu havileti furaha.

Msichana ambaye hana pedi, akakaa nyumbani siku kadhaa kila mwezi, hana tamaa. Ana uhitaji. Mvulana anayesomea kwenye kibatari, ambaye macho yanamwuma, akitamani taa ya sola hatendi dhambi. Ada ya sekondari za serikali iliondolewa kwa kidato cha kwanza hadi cha nne mwaka 2016, na kwa kidato cha tano na cha sita mwaka 2022. Lakini kila mama anajua kwamba sare, madaftari, viatu na chakula bado vinahitaji fedha.

Tena kutafuta maisha mazuri si kosa. Kati ya mwaka 1991 na 1994 watafiti walizitembelea kaya zaidi ya 900 katika mkoa wa Kagera, na mwaka 2004 wakawatafuta tena watu wa kaya hizo popote walipokuwa. Waliona kwamba waliohama walikuwa wameongeza matumizi yao kuliko ndugu zao waliobaki, kwa tofauti ya asilimia 36. Kwa hiyo kijana anayesema kwamba anataka kwenda kutafuta hasemi upuuzi. Umaskini unaumiza, na kupungua kwake huleta nafuu ya kweli.

Basi tutenganishe mambo mawili. Kuna kitu kinachoondoa shida, na kuna kitu kinachonunuliwa ili watu watuone. Cha kwanza huleta utulivu unaodumu. Mama aliyewahi kubeba maji kutoka bondeni, kisha bomba likaletwa karibu, anashukuru kila asubuhi. Lakini cha pili huchakaa haraka kuliko kitambaa, kwa sababu thamani yake yote imo machoni pa wengine, nao wakiona kipya hugeuza macho. Ndiyo maana ile simu ilifurahisha wiki mbili. Haikuwa imenunuliwa ili kupiga simu.

Kwa nini anatamani hivyo?

Swali hili ni muhimu kuliko yote, kwa maana tusipojua kinachomsukuma mtoto tutapigana na kivuli.

Mwaka 2007 watafiti wawili wanawake wa Marekani, Lan Nguyen Chaplin na Deborah Roedder John, walitoa matokeo ya uchunguzi wao juu ya watoto na vijana wa umri wa miaka minane hadi kumi na minane. Waliona kwamba tamaa ya vitu huongezeka mtoto anapofika miaka kumi na miwili au kumi na mitatu, kisha hupungua kidogo anapokaribia utu uzima. Wakatazama ni jambo gani lingine linabadilika wakati huo huo. Wakaona kwamba katika umri huo mtoto hupungukiwa na kujithamini. Anajiona mbaya, anajiona si kitu, anaogopa kuchekwa. Ndipo anapotafuta kitu cha kuvaa au kushika ili ajifunike nacho.

Kisha wakafanya jaribio jepesi. Waliwapa watoto sahani za karatasi zilizoandikwa na wenzao maneno mema juu yao: kwamba wewe ni mwerevu, wewe ni mcheshi, wewe ni rafiki mwema. Watoto waliopewa maneno hayo walionekana kupungukiwa na tamaa ya vitu. Sahani ya karatasi! Haina bei, lakini ilifanya kazi ambayo viatu vya bei kubwa haviwezi kufanya.

Nchi nyingine tajiri inatufundisha jambo linalofanana na hilo. Mwaka 2007 shirika la UNICEF lililinganisha hali ya watoto katika nchi tajiri 21, na Uingereza ikawa ya mwisho. Mwaka 2011 yakatoka matokeo ya utafiti mwingine uliofanywa Uingereza, Hispania na Sweden, ambao uliwauliza watoto wenyewe ni nini kinachowafurahisha. Watoto hawakutaja vitu kwanza. Walitaja kuwa pamoja na familia zao, kuwa na marafiki wema, na kuwa na mambo mengi ya kufanya, hasa nje ya nyumba. Lakini wazazi wengi wa Uingereza walikuwa wamechoka kwa kazi, wakajikuta wanawanunulia watoto vitu ili kufidia muda ambao hawakuwa nao. Nyumba zilijaa vitu na watoto wakawa wapweke.

Je, jambo hili liko mbali na sisi? Tuwafikirie watoto waliobaki kwa bibi kijijini huku wazazi wako mjini. Kila Krismasi hufika begi la nguo. Mtoto anavaa, anapendeza, anapigwa picha. Usiku anamwuliza bibi, "Mama atakuja lini?" Si kosa kwenda mjini kutafuta, lakini begi lisichukue nafasi ya sauti. Simu ya dakika kumi kila jumapili, ya kuuliza habari za masomo na za rafiki zake na za mbuzi aliyezaa, yaweza kuwa zawadi kubwa kuliko begi.

Sisi wenyewe akina mama

Samaki mkunje angali mbichi, lakini atakunjwa na mkono upi? Tusipojitazama wenyewe maneno yetu yatakuwa mepesi masikioni mwa watoto.

Ni nani asiyejua habari ya sare za harusi? Kitambaa kinachaguliwa, bei inatangazwa, na asiyekinunua anaonekana hana upendo. Tunakopa ili tusionekane. Kuna mama aliyenunua makochi kwa mkopo wa kausha damu, akawa anajificha shambani siku ya marejesho, na watoto wakafundishwa kuwaambia wadai kwamba mama hayupo. Watoto hao wamejifunza somo kubwa siku hiyo. Wamejifunza kwamba afadhali kusema uongo na kuwa na makochi kuliko kusema kweli na kukalia mkeka.

Tena tunasikika tukisema mbele yao: "Mume wa fulani kamjengea nyumba ya bati la rangi, mimi nimepata nini?" Mtoto anasikia. Baba yake anapungua machoni pake, na bati la rangi linaongezeka. Kisha miaka michache baadaye tunashangaa kwamba binti amemchagua mchumba kwa gari lake.

Hatusemi haya ili kuwahukumu wenzetu. Sisi tunaoandika tumo katika kundi hilo hilo. Lakini kijana hajifunzi kuridhika kwa kuhubiriwa. Hujifunza kwa kumwona mama yake ameridhika.

Tufanye nini?

Baada ya kuzungumza na akina mama wengi, tumekusanya mashauri machache ambayo nyumba ya kawaida inaweza kuyafuata.

Kwanza, tuwape vijana mali yao halisi. Kijana anayeuza kahawa ya baba yake kwa siri mara nyingi ni kijana asiyepewa chochote cha wazi. Mzee na mama wakubaliane: miti hii ishirini ni yako, au shina hizi za migomba, au mbuzi huyu. Upalilie, uvune, uuze pamoja nasi kwenye chama, fedha ushike mwenyewe, na tuandike katika daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kijana aliyengoja kahawa yake kuanzia ua hadi gunia hatakuwa mwepesi kuuza maua tena. Na binti asisahauliwe katika jambo hili. Akiwa na kuku wake na fedha zake za pedi, hatakuwa rahisi kununuliwa.

Pili, tuwaambie kweli juu ya fedha za nyumba. Watoto wengi wanadhani baba anaficha fedha. Siku ya malipo ya kahawa tuwaketishe, tuwaonyeshe: hii ni ya deni, hii ya mbolea, hii ya sare, hii ya sadaka, hii ya matibabu. Kijana wa miaka kumi na tano anaelewa hesabu hiyo. Huenda bado atatamani viatu, lakini hatadhani kwamba ananyimwa kwa chuki.

Tatu, tuweke kanuni ya kungoja. Akitaka kitu ambacho si cha lazima tusimwambie hapana papo hapo, wala ndiyo. Tumwambie, "Tungoje msimu mmoja. Kama bado unakitaka, tutakitafuta pamoja, na wewe utatoa nusu." Vitu vingi havifiki mwisho wa msimu, na vile vinavyofika huenda vina maana kweli.

Nne, tuulize kwa upole vitu vinatoka wapi. Tukiona simu, hereni au fedha tusizozijua, tusianze kwa kofi wala kwa kelele mbele ya watu. Tumwite jikoni, tumpe kazi mkononi, tuulize. Binti akijua kwamba mama yake anaweza kusikia jambo baya bila kumfukuza, atalisema mapema, wakati bado kuna msaada. Tena tuwasimulie habari ya Juliana. Ni historia yao, na wana haki ya kuijua.

Tano, tuwape sahani ya karatasi. Hatuna haja ya sahani yenyewe. Tumwambie mtoto mbele ya wenzake jambo jema tuliloliona kwake, tena jambo la kweli: ulimsaidia bibi kuteka maji bila kutumwa; una mkono mzuri wa kufunga mbuzi; unajua kuimba sauti ya pili vizuri kwaya nzima ikakutegemea. Wazazi wengi wa kwetu wanaogopa kusifu, wakisema mtoto atavimba kichwa. Lakini mtoto asiyesifiwa nyumbani huenda kununua sifa barabarani, na huko sifa ni ghali.

Mwisho, tujaze maisha yao mambo ya kufanya: mpira, kwaya, bustani, ufundi, safari ya kwenda kuwasalimu wazee. Watu waliotembea na Kristo walikuwa na vitu vichache sana, lakini walikuwa na kazi, na safari, na wenzao. Kumbukeni pia yule kijana tajiri aliyemjia Yesu na swali lake. Alikuwa na kila kitu, akaondoka na huzuni. Si kwamba mali ilikuwa uovu. Ilikuwa imemshika mkono, akashindwa kuunyoosha.

Habari ya yule kijana

Labda msomaji anataka kujua mambo yaliishaje katika nyumba ile ya Kiruruma. Baba alikasirika sana, akataka kijana aondoke. Mama aliomba siku tatu. Siku ya tatu walikubaliana kwamba kahawa ya deni itolewe, maana karatasi ilikuwa na sahihi, lakini kijana ataichuma mwenyewe yote, debe kwa debe, na kuianika, na kuibeba hadi kwa mdai kwa mguu wake. Kisha baba akamwonyesha miti kumi na mitano upande wa chini wa kibanja, akamwambia, "Hii ni yako. Ukiuza maua yake utakuwa umejiibia mwenyewe."

Msimu uliofuata tulimwona kijana huyo akiingia jikoni kwa mama yake, magoti yana udongo. Hakuwa ameshika kitu chochote cha kung'aa. Alikuwa na konzi ya kahawa mbichi, nyekundu, ameifungua mkononi. "Mama, tazama," alisema. "Zimekomaa vizuri."

Mama yake aliacha kisu, akazitazama moja moja, wala hakuwa na haraka.

Hatujui kama kijana huyo hatatamani simu nyingine. Atatamani, bila shaka, ni kijana. Lakini furaha tuliyoiona usoni pake jioni ile haikuwa ya kuonekana na watu wa barabarani. Kulikuwa na mama yake tu, na sisi, na jiko lililokuwa linafuka moshi. Nawe, mama msomaji, jiulize usiku huu kabla ya kulala: mtoto wangu alinionyesha nini mara ya mwisho, nami nilikitazama kwa muda gani?